Malalamiko Kuhusu Pikipiki Isiyomuumiza Baba Yangu

Kwa Meneja,
Duka la Pikipiki,
Mkabala na ofisi ya posta.

YAH: STAREHE MLIYOMUUZIA MZEE WANGU

Ndugu Meneja,

Naomba radhi kwa kukuandikia bila kufahamiana. Natumaini barua hii inakukuta salama na, ikiwezekana, inakukuta umekaa kwenye kiti kigumu. Silisemi hili kwa ubaya. Ukisoma hadi mwisho utaona kwamba kiti ni sehemu kubwa ya tatizo letu.

Mimi ni binti wa yule mzee wa futi kamba. Muuzaji wako mwenye miwani aliniambia kwenye simu kwamba hapo dukani hakuna asiyemkumbuka. Ni fundi suti, ana miaka sitini na mitatu, na alikuja kwenu Jumamosi tatu mfululizo kuchagua pikipiki ya spoti, ile ya kulalia tangi, si ya kubebea mizigo. Nasikia hakuuliza hata mara moja injini ina nguvu kiasi gani. Alipima. Alipima kutoka kwenye kiti hadi kwenye kikanyagio kama anavyopima mguu wa suruali, na kutoka kwenye kiti hadi kwenye usukani kama anavyopima mkono wa koti. Akaandika kwenye daftari lake la wateja, ukurasa mmoja kwa kila pikipiki. Ya bluu aliikataa kwa sababu "inabana kwapani". Nyeusi ndefu aliipapasa tangi, akaiambia yenyewe, mbele ya watu, "Wewe mwanangu umeshonewa mtu mwingine." Kuhusu ile ndogo nyekundu ya karibu na mlango alisema ni ya mtu mfupi mwenye hasira, akacheka peke yake. Ya kijivu ndiyo mliyomuuzia.

Kabla sijaorodhesha malalamiko, inanibidi niseme ukweli mmoja, maana shuleni tulifundishwa kutaja masilahi yetu mapema. Pikipiki hiyo ya kijivu niliichagua mimi.

Baba alipotangaza nia yake wakati wa chai ya asubuhi, shangazi, ambaye ni dada yake mkubwa na anakaa nyumba ya pili, alikuwepo. Aliweka kikombe chini akamwambia, "We mtoto, unamkimbia nani? Kuinuka kwenye kochi tu unaita watakatifu wote." Baba akamjibu kwamba kwenye pikipiki mtu hainuki, anakaa. Mimi sikupinga. Nina shahada ya pili ya takwimu, Ndugu Meneja, na mtu wa takwimu hapingi, anatengeneza jedwali. Kwa siku nne nilisoma yote ambayo waendeshaji wenye umri mkubwa wameandika mtandaoni kuhusu pikipiki kumi na nne za spoti. Niliandika safu ya viganja, safu ya magoti, safu ya shingo, safu ya kiuno. Safu ya mwisho niliita Jumla ya Maumivu (tazama Kiambatisho A). Kisha nikampendekezea baba yangu mzazi, kwa sauti ya upole, ile yenye jumla kubwa kuliko zote.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Ningemkataza, angeninunia na kuinunua. Nisipomkataza, mwili wake ungemkataza kwa niaba yangu. Baada ya wiki mbili angeirudisha dukani mwenyewe, kiume, akisingizia rangi. Mimi ningemchua mgongo, ningempa chai, na tusingelizungumza tena. Ulikuwa mpango mzuri. Haukuwa na mahali popote ambapo mtu anaumia sana.

Mmeuharibu. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Usukani. Siku ya kwanza baba alirudi akikung'uta viganja kama mtu aliyekosa taulo. Kwa siri nilifurahi. Dawa ya kuchua ilikuwa tayari, nimeipasha ndani ya bakuli la maji moto. Jumatatu akaja kwenu kuuliza. Jibu sahihi lilikuwa, "Mzee, pikipiki za spoti ndivyo zilivyo." Badala yake fundi wenu, yule dada ambaye baba humwita Bibi Spana, aliunyanyua usukani juu kwa upana wa vidole vitatu. Vidole vitatu, Ndugu Meneja, kwa idhini ya nani? Hospitalini mgonjwa hafanyiwi kitu kama hicho bila ndugu kupigiwa simu. Mimi nilikuwa nyumbani, simu ipo mkononi, na hakuna aliyenipigia.

2. Vikanyagio. Goti la kulia la baba liliharibika kwa kukanyaga cherehani tangu kabla sijazaliwa. Ndilo lilikuwa tumaini langu kubwa. Katika jedwali nililipa uzito wa asilimia arobaini. Bibi Spana alivishusha vikanyagio na kuvisogeza mbele kidogo. Jioni ile baba alisimama katikati ya sebule, akakunja goti, akalikunjua, akamwambia shangazi, "Njoo usikilize, halilii tena." Na shangazi, ambaye nilikuwa nimemhesabu upande wangu, aliinama, akatega sikio gotini, akasema, "Ni kweli, limenyamaza." Nimepoteza shahidi.

3. Kiti. Kiti cha asili kilikuwa kama ubao wa kupigia pasi, nami nampongeza aliyekibuni. Lakini mlimruhusu baba akifungue kwenye karakana yenu na kukishona upya kwa mkono wake: sponji mara mbili, mishono yote imefichwa upande wa ndani isimkwaruze mtu, "ile ile ninayoweka kwenye suruali ya kiongozi wa kwaya, maana yule husimama na kukaa mara hamsini." Nimearifiwa kwamba sasa wazee wengine wanakuja dukani na viti vyao kwapani. Mwalimu mkuu mstaafu. Mpiga picha wa studio. Yule daktari wa meno ambaye mikono yake hutetemeka kila mahali isipokuwa kinywani mwa mtu. Wanapanga foleni kusubiri baba yangu awapime makalio. Kwa hiyo hamuuzi tu starehe. Mnaisambaza.

4. Mgongo. Lalamiko hili ni dhaifu na nalijua, ila sina mwingine wa kumwandikia. Waandishi wote wa mtandaoni walisema kitu kimoja: kwenye pikipiki ya spoti mtu hukaa ameinama, na mzee aliyezoea kukaa wima huchoka kabla ya kufika popote. Nililisoma hilo mara kumi na nne nikalipa alama za juu mara kumi na nne. Nilichosahau ni kitu ambacho nimekitazama maisha yangu yote. Baba yangu ameinama miaka arobaini. Kichwa mbele, viwiko vimekunjwa, jicho kwenye mstari, mkono wa kulia ukiongoza taratibu, mguu ukijua wakati wa kukanyaga na wakati wa kuacha. Alipopanda ile pikipiki ya kijivu hakujikunja, alirudi kwenye umbo lake. "Nimekaa kazini," ndivyo alivyosema. Jedwali langu halikuwa na safu ya kazi ya mtu. Lakini ninyi mlimwona kwa macho yenu, Jumamosi tatu, ameinama juu ya futi kamba. Mlipaswa kulitambua hilo na kukataa kumuuzia.

5. Muda. Mzee mwenye maumivu hurudi nyumbani baada ya dakika arobaini. Nilipima. Baada ya usukani kunyanyuliwa, muda ukawa saa moja na nusu. Baada ya vikanyagio, saa tatu. Baada ya kiti, huondoka akimaliza chai na kurudi wakati nimeshaosha vyombo vya chakula cha mchana, sahani yake ikiwa mezani imefunikwa.

Mimi hufanya kazi nyumbani, mezani, dirishani. Naingiza kwenye kompyuta majibu ya hojaji kuhusu jinsi watu wanavyoridhika na huduma mbalimbali. Kutoka kwenye dirisha hilo nazijua pikipiki zote za mtaa kwa mlio: ya mpeleka mikate, ya askari, ya kijana wa maji ambayo hukohoa ikifika kona. Nazisikia zote na hakuna hata moja ambayo ni yenyewe. Katika kusubiri nimeandaa orodha ya mambo yanayoweza kumpata mtu wa miaka sitini na mitatu barabarani. Yamefika arobaini na saba. Nimeiambatanisha, Kiambatisho B. Tafadhali usiisome ukiwa peke yako.

Pengine utajiuliza kwa nini nayajali haya kuliko mabinti wengine. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Wakati huo nilikuwa na kazi ya ofisini katika mji mwingine, na chumba changu chenye ufunguo wangu. Nilirudi kumtunza baba. Sikuwahi kumuuliza kama anahitaji kutunzwa, na yeye kwa adabu yake hakuwahi kuniambia. Nazijua dawa zake, nakijua kikohozi chake cha kawaida na kile cha kuigiza. Ninaamini kwamba mtu anayejulikana kiasi hiki hawezi kupotea ghafla.

Mama alitoka asubuhi moja kwenda kununua vifungo vya koti la mteja. Alianguka akiwa kwenye foleni, dukani, na vifungo vikarudishwa nyumbani na mtu tusiyemjua. Hakuwa kwenye pikipiki. Alikwenda kwa miguu, kwa viatu vya chini vilivyomkaa vizuri. Natambua kwamba jambo hili halisaidii hoja yangu, na nakuomba usilitumie.

6. Mluzi. Baba ameanza kupiga mluzi. Hapigi wimbo wowote, anapiga tu.

7. Daktari. Tulipokwenda kliniki mwezi uliopita, presha ya baba ilikuwa imeshuka. Daktari akamuuliza anatumia nini. "Najilaza kwenye tangi," baba akasema, wakacheka pamoja kama watu waliosoma darasa moja. Baba alipotoka kwenda kuchukua dawa nilimwomba daktari aniandikie barua fupi ya kumkataza. Akaniuliza, "Na wewe dada, mara ya mwisho ulitoka lini?" Nikamwambia, leo, nimekuja hapa. Akaandika kitu kwenye jalada la baba ambacho nadhani kilinihusu mimi. Uhusiano wangu na wahudumu wa afya umeharibika, na chanzo ni duka lako.

8. Suruali yangu. Hapa naomba uone hasara hii ilivyofika hadi kwenye kazi yake. Baba yangu hajawahi kuchelewesha nguo ya mtu. Wakati wa msiba wa mkewe alikabidhi suti mbili siku aliyoahidi. Sasa, mwezi mmoja uliopita alisema atanishonea suruali, akanipima nikiwa nimesimama, vizuri kabisa. Siku ya pili akasema hakuridhika. Akanikalisha kwenye stuli ya jikoni, akapima nyonga hadi goti, goti hadi kisigino, na upana wangu nikiwa nimekaa, jambo ambalo mteja mwenye akili timamu asingelikubali. Akaandika yote kwenye daftari. Tangu hapo sijaona kitambaa, sijaona hata uzi. Nikiuliza ananijibu, "Mama," maana ndivyo anavyoniita, "fundi haharakishwi." Haya ni maneno ya mafundi wengine, Ndugu Meneja. Kwetu hayakuwahi kusemwa. Starehe imempanda kichwani.

Kwa kuzingatia yote hayo, naomba yafuatayo.

Kwanza, usukani ushushwe vidole vitatu, na kwa ajili ya fidia ushushwe kimoja zaidi. Pili, kiti cha zamani kitafutwe popote kilipo na kurudishwa, au ndani ya kiti kipya liwekwe jiwe dogo, laini, lisilochana nguo. Ukubwa wake nimeuchora kwenye Kiambatisho C. Jiwe halitamdhuru. Litamkumbusha tu.

Tatu, duka lako liweke utaratibu kwamba mteja yeyote aliyepita miaka hamsini na mitano aje na mtoto wake, naye mtoto ndiye akae kwenye kiti na kusema kama kinafaa. Wafanyakazi wafundishwe kuguna kwa huzuni mzee anapoingia, na kumuuliza habari za miguu yake kabla ya habari za nyumbani. Lile benchi lenu la kivulini ambapo wazee wa viti hukaa na kusimuliana kona walizozipita liondolewe mara moja.

Nne, kama utakubaliana nami, tuwaandikie kwa pamoja wenye viwanda. Na tusiishie kwenye pikipiki. Nimefikiri sana mchana wakati nasubiri, na nimegundua kwamba tatizo ni pana. Viatu vinavyomkaa mtu vizuri, miwani inayomwonyesha mbali, meno ya bandia yasiyochezacheza, rafiki anayecheka: vyote hivi wanapewa wazee kiholela, bila mtu kuuliza matokeo. Matokeo ni kwamba wanatoka. Nimeandaa rasimu ya sheria. Kifungu cha kwanza kinasema kwamba starehe yoyote ya mtu aliyepita miaka sitini itatolewa kwa kibali cha mtu anayemsubiri nyumbani. Mtu anayeumwa hukaa ndani. Mtu anayekaa ndani huonekana. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Vifungu vingine ni maelezo.

Nitashukuru kupata majibu yako ndani ya siku kumi na nne. Ukimtuma mtu kuleta barua, atanikuta. Niko nyumbani siku zote.

Nisalimie muuzaji mwenye miwani, ambaye kwenye simu alinivumilia kwa dakika ishirini na sita. Msalimie Bibi Spana. Mwambie simchukii, ila mikono yake ina huruma isiyoombwa. Mlinzi wa getini anayempigia baba saluti, msalimie, na umwombe aache. Wasalimie pia wazee wa benchi, mmoja mmoja, na yule paka wenu anayelala juu ya tangi, ambaye baba humtaja nyumbani kama mtaalamu wa ukaaji.

Ni mimi, ninayetafuta haki kwa heshima,

Binti wa mzee wa futi kamba.

Nyongeza: Barua hii ilikaa kwenye mkoba wangu tangu Alhamisi, nikikusudia kuileta kwa mkono. Jumapili asubuhi baba aliniita uani. Kiti cha nyuma cha pikipiki, ambacho sikukiweka kwenye jedwali kwa kuwa hakikuwa na mtu, kilikuwa kimeshonwa upya. Akakigeuza nikione chini. Kama anavyofanya kwenye kila nguo anayoikata, alikuwa ameandika kwa chaki vipimo vya mteja: upana, nyonga hadi goti, goti hadi kisigino. Nilivitambua. "Suruali yako hiyo, mama," akasema. "Jaribu." Nilikuwa na kandambili, akanirudisha ndani nikavae viatu.

Nilipanda kwa ajili ya utafiti tu, kuthibitisha kwamba nyuma kunauma. Tuliondoka baada ya chai. Kati ya mambo arobaini na saba hakuna lililotokea, isipokuwa namba thelathini, mbwa, naye alikuwa amelala. Mbele ya lile duka la vifungo baba alisimamisha pikipiki. Nilimwambia siingii. Akasema haya, akasubiri bila kuzima injini, mpaka nikashuka. Tulipanga foleni pamoja, tukanunua vifungo sita, tukatoka nje sote wawili. Tuliporudi, chakula cha mchana kilikuwa kimeshapita na hakuna aliyekuwa amefunika sahani ya mtu.

Barua naituma kama ilivyo kwa sababu nimeshaichapa. Lakini usukani msiuguse, na Kiambatisho C kichomeni. Ombi langu sasa ni moja, pamoja na jingine. Kikanyagio cha nyuma cha kushoto kiko juu kwa vidole viwili. Bibi Spana ataelewa. Na ile ndogo nyekundu ya karibu na mlango, tafadhali msimuuzie mtu kabla ya Jumamosi. Nitakuja na futi kamba.